Sokwe wa Sinema na Sokwe wa Gombe

Ukitoka soko la Tengeru na kushika njia iendayo Ziwa Duluti, hutatembea muda mrefu kabla hujaingia katika msitu mdogo unaoyazunguka maji yaliyojikusanya ndani ya kasoko ya volkeno ya kale. Siku moja nilikuwa humo pamoja na wanafunzi wa kidato cha tatu na mwalimu wao wa baiolojia. Kima mmoja alishuka hadi tawi la chini akatutazama kwa makini. Ndipo msichana mmoja aliponiuliza: "Mwalimu, wale wa kwenye filamu, wanaopanda farasi na kushika bunduki, ni hawa hawa waliofundishwa?"

Wenzake walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu katika utoto wangu niliuliza jambo lile lile. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kibanda cha video, na mfasiri wa pale kibandani alituhakikishia kwamba tuliowaona ni "nyani waliosomeshwa Ulaya". Hakuna aliyembishia. Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni ng'ambo, niliitazama hadithi ile ile katika filamu mpya kabisa, nikaona kwamba sokwe wake si wale niliowajua. Sura zao zilikuwa zimebadilika, na tabia zao pia.

Swali la msichana yule lina mambo matatu ndani yake: sokwe ni mnyama gani, filamu za namna hii hutengenezwaje, na tumeyajuaje tunayoyajua kuhusu sokwe. Makala haya yanajaribu kuyajibu yote matatu. Msomaji ataona kwamba jibu la swali la tatu halitoki Marekani. Sehemu yake kubwa inatoka mkoani Kigoma.

MFULULIZO ULIOKUFA UKAFUFUKA

Mwaka 1963 mwandishi wa Kifaransa, Pierre Boulle, alitoa riwaya kuhusu wasafiri wa anga waliofika katika sayari inayotawaliwa na sokwe. Huko binadamu alikuwa mnyama wa porini asiyejua kusema. Mwaka 1968 Wamarekani waliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, Planet of the Apes, iliyoongozwa na Franklin Schaffner, na Charlton Heston akiwa mhusika mkuu. Watazamaji waliipenda mno, hata zikafuata nyingine nne upesi upesi: 1970, 1971, 1972 na 1973. Mwaka 1974 ukatokea mchezo wa televisheni uliodumu msimu mmoja tu. Baada ya hapo mfululizo ulilala. Mwaka 2001 mwongozaji Tim Burton alijaribu kuuamsha kwa filamu moja, lakini haikupata ya kuifuata.

Ufufuo wenyewe ulikuja mwaka 2011, kwa filamu iliyoongozwa na Rupert Wyatt. Matt Reeves aliongoza zilizofuata mwaka 2014 na 2017, na Wes Ball akaongoza ya mwaka 2024. Hivyo hadithi iliyodhaniwa kuwa imekwisha imekuwa na maisha ya pili marefu kuliko yale ya kwanza.

Yafaa kujiuliza kwa nini jaribio la 2001 lilikwama na lile la 2011 likafanikiwa. Sababu za biashara zipo, nami sitazigusa. Nitaeleza sababu moja ya kisayansi. Katika filamu za zamani sokwe walikuwa vinyago vya kutuchekea sisi wenyewe. Gorila walikuwa askari wakali, orangutani walikuwa wakuu wa sheria na dini, na sokwe mtu walikuwa wasomi wapole wapendao amani. Kwa mgawanyo huo watunzi walizungumzia ubaguzi wa rangi na hofu ya bomu la atomiki. Filamu ya 2011 ilianza mahali pengine. Ilianza na sokwe mmoja, aliyezaliwa katika maabara ya San Francisco na kulelewa nyumbani kama mtoto, ikamtazama yeye mwenyewe: anavyocheza, anavyoogopa, anavyoomba radhi kwa kunyoosha mkono, anavyotafuta cheo katika kundi. Ili kumtazama hivyo, ilibidi kwanza awepo mtu wa kumjua.

TUSICHANGANYE MAJINA

Kabla hatujaendelea, hebu tusahihishe kosa la mfasiri wetu wa kibandani. Kiswahili kina majina mazuri kwa wanyama hawa, wala hatuna sababu ya kuyachanganya. Nyani, tumbili, kima na mbega wote wana mikia. Hao ndio tulio nao hapa kwetu. Mbega weusi kwa weupe wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Mlima Meru, wanajulikana sana. Sokwe hana mkia. Mikono yake ni mirefu kuliko miguu, na ubongo wake ni mkubwa kwa kadiri ya mwili. Katika jamii hiyo wamo gorila, orangutani wa Asia, na sokwe mtu, ambaye ndiye wa Gombe. Katika makala haya nikisema "sokwe" bila kuongeza neno, nakusudia huyo wa mwisho.

Huyu ndiye jamaa yetu wa karibu sana. Mpangilio wa DNA yake ulipotangazwa mwaka 2005, ilionekana kwamba katika sehemu zinazoweza kulinganishwa moja kwa moja, tofauti kati ya herufi zake na zetu ni kama asilimia 1.2 tu. Hata hivyo, Duluti hayupo, wala Meru hayupo. Ukitaka kumwona katika makao yake ya asili nchini Tanzania, hapana budi uende magharibi, kandokando ya Ziwa Tanganyika.

YALIYOANDIKWA KIGOMA

Tarehe 14 Julai 1960 msichana wa Kiingereza aitwaye Jane Goodall, aliyetumwa na Dakta Louis Leakey, alishuka katika ufuko wa Gombe. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Kabla ya mwaka kwisha alikwisha kuona mambo mawili yaliyovishtua vyuo vya Ulaya. Kwanza, sokwe hula nyama. Pili, dume mmoja alichukua kijiti, akakiingiza katika kichuguu na kuvua mchwa kwacho. Wengine walikuwa wakitoa majani katika kijiti kwanza ili kifae kwa kazi hiyo. Wakati huo vitabu vilifundisha kwamba kutengeneza zana ndiko kunakomtenga binadamu na wanyama. Baada ya Gombe ilibidi vitabu hivyo viandikwe upya. Mwaka 1965 Mjapani Toshisada Nishida alianza kazi kama hiyo katika milima ya Mahale, kusini zaidi, na watafiti wake wakaonyesha kwamba sokwe huishi katika jamii zenye mipaka.

Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, mwaka ule ule ilipotoka filamu ya kwanza. Filamu ile ilionyesha sokwe mtu kama msomi mpole, na kwa elimu ya wakati huo haikuwa mbali na fikira za wengi. Lakini Januari 1974 madume wa kundi la Kasakela walimvamia na kumpiga vibaya dume mmoja wa kundi la Kahama, waliyekuwa wameishi naye zamani katika kundi moja. Miongoni mwa walioshuhudia alikuwa Hilali Matama, msaidizi mwandamizi wa utafiti. Mashambulizi yaliendelea, mmoja baada ya mwingine, hata kufikia mwaka 1978 kundi la Kahama halikuwepo tena.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wetu hawaambiwi mara nyingi. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa Gombe. Mateka hao waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni walilazimika kuondoka. Kazi haikusimama. Watanzania waliokuwa wasaidizi waliendelea kupanda vilima kila siku, kumfuata mnyama mmoja tangu alfajiri hadi anapojenga kiota chake cha usiku, na kuandika aliyokutana naye, alichokula na alichotendwa. Waliandika kwa Kiswahili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushahidi wa vita vile, ambavyo leo vinatajwa katika vitabu vya chuo duniani kote, iliandikwa kwanza katika lugha unayoisoma sasa.

Wataalamu walibishana. Baadhi walisema ukali ule ulisababishwa na ndizi ambazo sokwe walikuwa wakipewa kambini. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, na ilihitaji ushahidi wa mahali pengi. Mwaka 2014 watafiti walikusanya habari za jamii 18 za sokwe barani Afrika, zikiwa na vifo 152 vilivyoonekana au kukisiwa kuwa ni vya kuuana. Walikuta kwamba usumbufu wa binadamu hauvielezi vifo hivyo. Vinaelezwa zaidi na idadi ya madume na msongamano wa sokwe wenyewe. Mwaka huo huo filamu ya pili ya mfululizo mpya ilionyesha kundi la sokwe lenye sheria ya kutouana, na jinsi sheria hiyo ilivyovunjwa na mmoja wao asiyekuwa gorila. Mgawanyo wa 1968 ulikuwa umegeuzwa. Gorila, ambaye George Schaller alikwisha kuonyesha katika milima ya Virunga tangu miaka ya 1959 na 1960 kuwa ni mnyama mtulivu, alipata sifa yake kwa kuchelewa.

JE, SOKWE ANAWEZA KUSEMA?

Katika filamu ya 2011 sokwe yule anatamka neno moja la kukataa, na ukumbi mzima unashtuka. Katika maisha jambo hili limejaribiwa. Mnamo miaka ya 1950 familia moja ya Kimarekani ilimlea sokwe aitwaye Viki kama mwana wao. Baada ya miaka ya kufundishwa aliweza kutamka maneno manne tu, tena kwa taabu. Mwaka 1966 Allen na Beatrix Gardner waliacha sauti, wakamfundisha sokwe Washoe lugha ya ishara itumiwayo na viziwi. Alijifunza ishara zipatazo 130. Lakini mwaka 1979 Herbert Terrace, aliyemfundisha sokwe mwingine kwa njia hiyo, alieleza kwamba ishara nyingi zilikuwa za kumwiga mwalimu, na kwamba sentensi hazikuwapo.

Zamani ilidhaniwa kwamba kizuizi ni umbo la koo. Uchunguzi wa mwaka 2016 juu ya koo la jamaa wa nyani ulionyesha kwamba umbo lake lingetosha kutoa irabu nyingi. Kinachokosekana ni ubongo wa kuliongoza. Vilevile jeni iitwayo FOXP2, inayohusika na usemi, hutengeneza protini yenye amino asidi 715, na ya binadamu hutofautiana na ya sokwe kwa mbili tu. Msomaji asikimbilie kusema kwamba ukibadilisha hizo mbili sokwe atahutubia. Usemi hutegemea jeni nyingi na malezi marefu. Dawa ya kwenye filamu, inayomfanya sokwe awe na akili kwa siku chache, ni ndoto ya mtunzi.

USO WA SOKWE, AKILI YA MWIGIZAJI

Sasa nimjibu msichana wa Duluti. Hapana, wale hawakufundishwa, kwa sababu hawapo. Mwaka 1968 walikuwa watu waliobandikwa vipande vya mpira laini usoni na fundi John Chambers, ambaye awali aliwahi kuwatengenezea viungo vya bandia askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2011 hakutumika sokwe hai hata mmoja. Mwigizaji Andy Serkis na wenzake walivaa nguo zilizofungwa vitaa vidogo vitoavyo miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, na kamera nyingi zikafuata kila kitaa.

Kanuni yake mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua. Mtu mmoja akisimama Tengeru na mwingine USA River, kila mmoja akapima pembe ya kilele cha Meru, na umbali kati yao ukijulikana, basi mahali kilele kilipo hupatikana kwa hesabu ya pembetatu. Kamera mbili zinapokiona kitaa kimoja hufanya hesabu hiyo hiyo, ila kompyuta huirudia mara nyingi kwa kila sekunde na kwa kila kiungo. Kamera ndogo iliyofungwa kichwani mwa mwigizaji ilifuata alama zilizochorwa usoni mwake. Mafundi wa Weta Digital wa New Zealand wakahamisha mienendo hiyo katika mwili wa sokwe uliochorwa ndani ya kompyuta. Kwa kuwa mikono ya mtu ni mifupi mno kwa mwendo wa sokwe, waigizaji walitembea wameshika magongo mafupi.

Mambo haya yangeshindikana kama uso wa sokwe ungekuwa mgeni kwetu. Wachunguzi wa viungo wameonyesha kwamba misuli ya uso wake inakaribia kuwa sawa na yetu. Kompyuta ilipata kazi ya kutafsiri kati ya lugha mbili zilizo ndugu.

UGONJWA HUENDA NJIA GANI?

Mfululizo mpya unasema kwamba virusi vilivyotengenezwa maabara vilimwerevusha sokwe na kumwangamiza binadamu. Kwamba ugonjwa unaweza kuvuka kati yetu ni kweli. Virusi vikuu vya UKIMWI vimefuatiliwa hadi kwa sokwe wa kusini-mashariki ya Kameruni. Lakini kwa sokwe wa Tanzania hatari kubwa huja kutoka upande wetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwapooza sokwe kadhaa wa Gombe, na wengine wakafa. Watafiti waliwapa waliosalia chanjo ndani ya ndizi. Mafua ya kawaida ya binadamu yanaweza kuua sokwe. Ndiyo maana mgeni anayekwenda kuwaona Mahale huvaa barakoa na kukaa mbali nao. Hata maabara za namna ile ya kwenye filamu zimefungiwa njia: mwaka 2015 taasisi za afya za serikali ya Marekani ziliacha kuwatumia sokwe katika utafiti wa tiba.

KISIWA CHA SOKWE

Kuna mahali ambapo hadithi ya Boulle inakaribiana na kweli. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Shirika la Wanyama la Frankfurt lilileta sokwe wapatao 16 kutoka bustani za wanyama za Ulaya na kuwaachilia katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Viktoria. Wengine walikuwa wamekaa kifungoni miaka mingi, na hakuna aliyewafundisha namna ya kuishi porini. Walijifunza wenyewe matunda yanayoliwa, na wakajenga viota. Baadhi ya madume, waliokwisha kupoteza hofu ya binadamu, waliwashambulia watu, na wawili wakapigwa risasi. Waliobaki walizaana, na wazao wao wangalipo katika kisiwa hicho, ambacho kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977.

Rubondo walifaulu kwa kuwa msitu ulikuwepo na kisiwa kililindwa. Kwingineko hali ni ngumu. Sokwe wote wa Tanzania wanakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya 2,000, hali watu waliohesabiwa katika sensa ya 2022 walizidi milioni 61. Gombe yenyewe haina zaidi ya 100 hivi, kwa maana misitu ya vijiji inayoizunguka ilikatwa kwa mashamba na kuni. Jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 13, kisha hukaa miaka mitano au sita kabla ya kuzaa tena. Kundi likipungua, halirudi upesi. Tangu mwaka 1994 vijiji vya Kigoma vimekuwa vikishirikiana na taasisi ya Jane Goodall kurudisha misitu, kazi inayoendelea baada ya mwanzilishi wake kufariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91.

Filamu hulala miaka 30 katika mkebe ikaamshwa kwa fedha na kompyuta. Jamii ya Kahama haikuamshwa na mtu. Tunayoyajua kuihusu ni yale tu yaliyowahiwa kuandikwa na watu waliopanda kilima asubuhi ile wakiwa na kalamu. Nilipomweleza hivyo msichana wa Duluti, alimtazama tena kima juu ya tawi, akamwomba mwalimu wake ampe karatasi.

KAZI ZA DARASANI

1. Chagueni mnyama mmoja anayeonekana kila siku karibu na shule: kima, tumbili, hata kuku. Mfuateni mmoja tu kwa saa moja. Kila baada ya dakika tano andikeni yuko wapi, anafanya nini na yuko na nani. Kisha linganisheni karatasi zenu. Ni wapi mlitofautiana, na kwa nini?

2. Kundi lina majike kumi waliofikia umri wa kuzaa, na kila mmoja huzaa mara moja katika miaka mitano. Nusu ya watoto hufa kabla hawajakua. Baada ya miaka kumi watakuwa wameongezeka watoto wangapi walio hai? Linganisheni na sokwe wa filamu ya 2014, inayosimulia mambo ya miaka kumi baada ya ile ya 2011.

3. Wanafunzi wawili wasimame mita 50 mbali mbali katika uwanja na kupima pembe ya mlingoti wa bendera. Tafuteni umbali wake kwa mchoro wenye kipimo, kisha pimeni kwa kamba. Elezeni sababu ya tofauti mtakayoipata.